NJIA MPYA ZA KAZI: TUZIKUBALI KWA MASHARTI

Ndugu wanachama wa Kitale na Bungoma,

Siku hizi twaitwa mkutanoni kufundishwa njia mpya za kazi. Mwalimu anakuja, anabandika karatasi ukutani, anatufundisha neno la Kijapani, kaizen, yaani kutengeneza kazi iwe bora kidogo kidogo kila siku. Wengine wetu hucheka. Wengine huogopa, wakidhani ni ujanja wa kupunguza watu. Sisi twasema hivi: njia zenyewe ni nzuri, lakini tusizipokee bila masharti.

Kwanza tueleze uzuri wake. Tuchukue mfano wa ghala la mahindi upande wa Kitale wakati wa mavuno. Malori yamepanga foleni tangu alfajiri. Wapakuzi, ambao hulipwa kwa gunia, wamekaa chini ya mti na hawapati kitu. Msimamizi apita na kusema watu hawa ni wavivu. Lakini njia mpya yasema: uliza "kwa nini" mara tano kabla ya kumlaumu mtu. Kwa nini lori halipakuliwi? Mahindi hayajapimwa unyevu, na yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi. Kwa nini hayajapimwa? Kipimo kizima ni kimoja tu. Kwa nini ni kimoja? Cha pili kimeharibika. Kwa nini hakijatengenezwa? Barua ya kuomba fedha imelala mezani. Kwa nini imelala? Hakuna aliyepewa kazi ya kuifuatia. Basi kosa si la mpakuzi. Maswali matano yametutoa chini ya mti yakatufikisha ofisini.

Sasa twende Bungoma, kwenye miwa. Muwa uliokatwa haungoji. Ukikaa uani siku kadha kwa sababu kinu kimesimama, uzito wapungua na sukari yapungua. Mkulima apata hasara, kiwanda chapata hasara, na mwisho wa mwezi hasara hiyo yatufikia sisi. Kwa hiyo matengenezo ya mwaka ni kazi kubwa, nayo yaweza kuongozwa kwa ubao mmoja wenye safu nne: kazi gani, fundi nani, iishe siku gani, na yangoja nini. Safu ya nne ndiyo yenye faida zaidi. Fundi akiandika kwamba angoja beringi, na beringi haijaagizwa, kila mtu aona mapema. Siku ya kuwasha kinu ikifika, hakuna wa kumsingizia fundi. Kazi hiyo yahitaji chaki na ukweli tu.

Nasi twajua kiwanda kilichofungwa kina maana gani. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, taabu haikuishia langoni. Mwenye duka, mwenye nyumba za kupanga na mama wa sokoni wote waliionja. Hatusemi ubao ungalikiokoa. Madeni yake yalikuwa makubwa mno. Twasema tu kwamba mfanyakazi hana faida katika kazi inayoharibika.

Lakini tukiokoa saa mbili kila siku, saa hizo ni za nani? Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Wajapani wenyewe hawakupata njia hizi bila mapambano. Mwaka 1950 wafanyakazi wa Toyota waligoma kwa sababu ya kupunguzwa kazi, na mkuu wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwaka 1955 kituo cha tija cha Japani kilipoanzishwa, kiliweka misingi mitatu: tija isilete ukosefu wa kazi, waajiri na wafanyakazi washauriane, na faida igawanywe kwa haki kati ya wenye kampuni, wafanyakazi na wanunuzi. Walimu wanaokuja kwetu huleta karatasi za ukutani, lakini misingi hii mitatu hatuisikii. Basi sisi tuiweke mezani.

Sharti la kwanza: tuulizwe, na asemaye ukweli asiadhibiwe. Huko Toyota mfanyakazi wa kawaida aonapo kosa ana ruhusa ya kuvuta kamba, na kazi ikasimama. Huku kwetu anayesema mashine ni mbovu huitwa mchochezi. Ubao ukitumiwa kutafuta wa kufukuza, watu wataandika uongo, na ubao utakuwa pambo tu.

Sharti la pili: mtu asipoteze kazi kwa sababu ya wazo lake mwenyewe. Kazi ikipungua mahali, apelekwe mahali pengine na afundishwe. Tena Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri akijulishe chama na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Maneno "njia mpya" hayafuti sheria hiyo.

Sharti la tatu: faida igawanywe, na iandikwe katika mkataba wa pamoja. Chanda chema huvikwa pete. Sisi hatutosheki na fulana na cheti cha kutundika ukutani.

Kwa hiyo twawaomba wawakilishi wetu wote: mwalimu akija, mpokeeni kwa heshima, jifunzeni, ulizeni. Mkiletewa karatasi ya kutia sahihi, msitie mpaka masharti matatu yameandikwa humo na chama kimeisoma. Na wewe ndugu unayejua kwa nini kazi ya idara yako yachelewa, usikae nalo moyoni. Mwambie mwakilishi wako wiki hii, ili tukienda mezani twende na mambo tuliyoyaona kwa macho yetu.

Umoja ni nguvu.