Mlango wa Chuo Kikuu Hufungwa Kidato cha Pili

Morogoro ni mji uliobahatika kwa elimu. Hapa Msamvu kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Chini ya Milima ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984. Na katika njia iendayo Iringa kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe. Mzazi wa Msamvu aweza kudhani kuwa mwanawe amekwisha kuikaribia elimu ya juu. Lakini ujirani si tiketi.

Ni desturi ya miaka mingi katika shule zetu kwamba mwanafunzi amalizapo Kidato cha Pili huachiwa kuendelea na Fizikia na Kemia, au kuyaacha. Wengi huyaacha. Husema kuwa heri alama nzuri katika somo jepesi kuliko alama mbaya katika somo gumu.

Hesabu hiyo si ya kipumbavu. Katika Kidato cha Sita, A ya Historia na A ya Kemia hupewa pointi 5 sawasawa. Huko Marekani, vyuo vyenye kuchagua wachache hutazama pia uzito wa masomo aliyoyachukua mwombaji. Mizani yetu haipimi uzito huo.

Lakini kila kozi yetu hutaja masomo yake kwa majina. Atakaye kusomea udaktari Muhimbili hana budi kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja si chini ya D, na jumla si chini ya pointi 6. Hicho ni kizingiti tu. Nafasi ni chache, na wenye alama za juu ndio watangulizwao. Basi mwenye A tatu za Historia, Jiografia na Kiingereza, ajapokuwa na pointi 15, mlango huo si wake. Aliyemaliza Kidato cha Nne bila ya Kemia hawezi kuichagua Kidato cha Tano. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, na hilo ni jema. Lakini wingi wa njia haukuondoa masharti ya mlangoni. Uamuzi wa mtoto wa miaka kumi na tano ndio umfungao kijana wa miaka ishirini.

Hatuyadharau masomo ya sanaa. Taifa lahitaji wanasheria, walimu na waandishi. Tusemalo ni kwamba aichaguaye Historia aichague kwa kuipenda, si kwa kuikimbia Fizikia.

Wala lawama zote si za watoto. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, ni kiasi cha mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne aliyefaulu Hisabati. Haiwezekani kuwa watoto watatu katika kila wanne ni wavivu. Kumhimiza mtoto achague sayansi katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia wala maabara ni kumtuma kisimani bila ya ndoo, kisha kumgombeza kwa kurudi mikono mitupu.

Kwa hiyo twasema haya. Walimu wakuu wawaite wazazi kabla ya uchaguzi wa masomo, wala si baada yake, wawasomee masharti ya kuingia vyuoni yatolewayo kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Wazazi nao wasiridhike na kuuliza mtoto amepata daraja gani; waulize amelipata kwa masomo yapi. Vyuo vya mji huu viwatume wanafunzi wao wakafundishe Hisabati na sayansi katika shule za kata zilizo jirani. Na Serikali iwapeleke walimu wa sayansi kwanza kule wasikokuwako kabisa.

Mtoto akiyaacha masomo magumu baada ya kufundishwa na kuelezwa, huko ni kuchagua. Akiyaacha kwa hofu, au kwa kukosa mwalimu, hajachagua neno. Sisi wakubwa ndio tuliomchagulia.