Chopa ya kwenda sokoni
Tangu fundi mmoja wa Tunduma aonyeshe helikopta aliyoiunda mwenyewe, vijana wa kijiwe cha bajaji hapa Soweto, Mbeya, hawaishi kuniuliza: na sisi lini tutaruka juu ya foleni ya Mafiati? Fundi yule namvulia kofia, ila jibu langu ni lile lile. Chukua Robinson R44, chopa ndogo ya viti vinne, kimoja cha rubani. Kwa saa moja inakunywa karibu lita 57 za petroli ya ndege, ambayo sheli za mtaani haziuzi. Ikitimiza saa 2,200 angani, au miaka 12 hata kama imelala bandani, inafumuliwa yote. Na Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari: hewa nyepesi, mapanga hayapati cha kushika, unapunguza abiria. Halafu utatua wapi? Waliowahi kusimama karibu na chopa za kampeni wanaujua upepo wake. Kati ya meza za nyanya na mabati yaliyozuiwa kwa mawe, hasara atalipa nani? Kumwahisha mgonjwa kutoka Makete, sawa, naunga mkono. Kwa gunia la viazi, nipeni barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi.