Utalii wa farasi: Chimala iuze majani, isinunue farasi

Wapo watu wa Ulaya na Marekani ambao likizo yao hawaitumii ufukweni wala ndani ya gari. Husafiri hadi nchi ya mbali, hupanda farasi wiki nzima na kulala kwenye mahema. Kenya huwapokea Maasai Mara na Laikipia. Kwetu huenda Arusha na Magharibi mwa Kilimanjaro, na hata Mufindi, mkoani Iringa, wageni hupanda farasi kati ya mashamba ya chai. Mgeni wa safari kama hizi hulipa mamia ya dola kwa siku.

Kutoka Chimala, barabara ya kona 57 hupanda hadi Matamba na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005. Kule juu ni baridi, majani ni mafupi na maua hujaa kuanzia Desemba hadi Aprili. Ni nchi inayomfaa farasi, ingawa biashara yoyote ndani ya hifadhi inahitaji kibali cha TANAPA. Ndiyo maana wapo wanaouliza kama inafaa kuuza ng'ombe na kununua farasi wa kukodisha.

Mfano unaotolewa ni Lesotho. Pale Malealea farasi ni wa wanakijiji na nyumba ya wageni huwatafutia wateja. Lakini Wabasotho wamefuga farasi tangu karne ya 19, nchi yao ni ya milima na ina baridi kali. Chimala iko chini, kando ya bonde la Usangu lenye maji na visubi. Wadudu hao hueneza maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo yanaweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasiochanjwa. Punda huyastahimili zaidi. Kwa mkulima mwenye mtaji wa ng'ombe watatu, farasi mmoja akifa ndiyo mwisho wa mradi.

Hesabu ya chakula ni nyingine kabisa. Farasi wa kilo 400 hula kama kilo nane za majani makavu kwa siku. Farasi kumi hula kilo 80, yaani zaidi ya tani 29 kwa mwaka. Robota likiwa la kilo 15, hayo ni marobota yapatayo 1,950. Zidisha kwa bei ya kwenu uone. Na farasi hali msimu wa watalii tu, hula kila siku hata kama hakuna mgeni.

Wenye mashine za mpunga nao wana mali wanayoichoma moto. Maganda ya mpunga, yakiwa makavu na yasiyo na vumbi jingi, hutandikwa kwenye banda la farasi badala ya maranda.

Lakini mteja huyu hana mchezo. Mahindi yenye ukungu, ambayo wengi wetu humpa ng'ombe bila wasiwasi, yanaweza kuharibu ubongo wa farasi na kumuua. Chakula cha kuku chenye monensin, dawa ya kuzuia koksidia, humuua pia, hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo muuza chakula cha mifugo asisage pumba za farasi kwenye mashine iliyotoka kusaga cha kuku kabla haijasafishwa. Hasara ya kosa hilo ni farasi wa watu, na pengine kesi.

Ushauri wangu ni kuanza na nyasi aina ya Rhodes kwenye eneo dogo, zikatwe Mei mvua zikishaisha, kabla hazijakomaa na kuwa ngumu, zikaushwe na kuhifadhiwa chini ya paa. Andikianeni na mnunuzi bei ya kilo, si ya robota, kwa sababu marobota hayalingani. Mnunuzi wa farasi akichelewa kuja, ng'ombe wa maziwa wa Mbeya na Iringa watayala majani hayo wakati wa kiangazi.