Asilimia Thelathini ya Msiba



Jumapili moja baada ya ibada tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja anayekaa ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Rockey Street. Mama huyu ni mtu wa Kisangani, komini ya Tshopo. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wa watu, tarehe 5 hadi 10, bomu lilianguka uani kwake likamuua mtoto wake wa kiume na kaka yake. Leo ni bibi wa wajukuu wanne na anauza mihogo na pondu hapa mtaani. Alitukaribisha chai, kisha akatoa karatasi chini ya godoro.

Ni kurasa mbili zilizopigwa chapa vizuri, na muhuri wa rangi ya zambarau. Zinasema kwamba “msaidizi wa madai” atafuatilia dosie yake ya fidia ya vita, na kwamba siku pesa ikitoka msaidizi huyo atachukua asilimia 30. Kabla ya hapo mama alipe randi 1,500 za kufungua faili. Alikuwa amekwisha kuzilipa, pamoja na kutoa nakala ya kitambulisho chake na picha mbili.

“Wanangu,” alituuliza, “ninyi mliosoma, hii ni haki au ninaibiwa?”

Tuliona haya kumjibu papo hapo, maana aliyeandika karatasi ile ni kijana wetu, tunasalimiana naye kila siku. Lakini swali lile halikutuacha, na kwa kuwa tunajua si mama huyu peke yake aliyetia sahihi, tumeona tulijibu hapa mbele ya wote.

Tuanze na pesa yenyewe, kwa sababu wengi wanaitaja bila kuijua. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu: waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliotiwa jeshini, waliokimbia makwao. Milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa na milioni 60 ni za utajiri wa asili ulioporwa. Malipo yalipangwa kwa mafungu matano ya dola milioni 65, kila Septemba kuanzia 2022 hadi 2026. Kazi ya kuwagawia wahanga ilipewa mfuko unaoitwa FRIVAO, ulioundwa kwa dikrii ya Desemba 2019, na makao yake ni Kisangani. Rwanda hatuitaji katika hesabu hii, kwa sababu mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilisema haina mamlaka ya kuihukumu, basi wafu wa mabomu ya Rwanda wamebaki na Mungu wao.

Sasa sisi tulisomea uhandisi ng'ambo na tumekula mkate wa hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, basi mtuvumilie kidogo. Chukua ile milioni 225 ya watu. Kata asilimia 30. Unapata milioni 67 na nusu. Maana yake, kama kila mhanga angetia sahihi karatasi kama ya mama yetu, wasaidizi wangekula zaidi ya fungu zima la mwaka mmoja ambalo nchi nzima ya Uganda inalipa. Fungu moja na zaidi kati ya matano! Na wangelila kwa kazi ya kujaza fomu.

Tunajua jibu la vijana wetu, tumelisikia kwenye duka la simu na kwenye saluni: “Hata mawakili wa mahakamani wanachukua asilimia, mbona hamuwasemi?”

Kweli wanachukua. Hapa Afrika Kusini kuna sheria ya mwaka 1997, namba 66, inayomruhusu wakili kukubaliana na mteja kwamba akishindwa halipwi kitu, na akishinda analipwa zaidi ya kawaida. Lakini soma masharti yake. Hawezi kuzidisha mara mbili ya ada yake ya kawaida, na katika madai ya pesa hawezi kupita asilimia 25 ya kilichopatikana. Kati ya hivyo viwili, kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo. Mkataba uwe wa maandishi, na mteja ana siku 14 za kubadili mawazo. Hiyo 25 ni dari la nyumba, na wengi wetu tunaitangaza kana kwamba ndiyo bei ya sokoni. Tena inamhusu wakili aliyesajiliwa, anayeweza kushtakiwa mbele ya wenzake akimdhulumu mteja. Kijana mwenye kompyuta na muhuri wa zambarau anajibu mbele ya nani?

Na kuna jambo kubwa zaidi. Wakili anayekwenda mahakamani kwa asilimia anafanya mambo mawili. Kwanza, anabeba hatari. Tazameni Kenya. Wazee 5,228 wa Mau Mau walipata mapatano ya pauni milioni 19.9 mwaka 2013, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Lakini kesi ya pili, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018. Wakili aliyekubali kulipwa akishinda tu, katika kesi kama hiyo ya pili angerudi mikono mitupu baada ya miaka ya kazi. Mtu wa namna hiyo akiomba sehemu ya ushindi tunamwelewa. Pili, kwa hoja zake anaweza kuongeza kile kinachopatikana.

Msaidizi wetu wa Bellevue hafanyi hata moja. Hatari hakubeba, kwa maana ameanza kwa kupokea randi 1,500 taslimu. Faili ikilala huko Kisangani hadi kiama, yeye amekwisha kula. Na chungu hawezi kukiongeza, kwa sababu The Hague walikwisha kukipima. Ni milioni 225, haitazidi dola moja kwa ufundi wa mtu yeyote wa Rockey Street. Kila dola anayoitoa humo inatoka mdomoni mwa mhanga, wa kwake au wa jirani. Anayetaka kugawana mavuno agawane na kiangazi pia.

Katika kazi yetu ya uhandisi nako kuna ada za asilimia. Mteja anajenga, mhandisi anapata sehemu ya gharama ya ujenzi. Lakini jengo likiwa kubwa asilimia hushuka, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kuchora ghorofa kumi hakuchukui mara kumi ya kuchora ghorofa moja. Fomu ya aliyepoteza kikombe na fomu ya aliyepoteza watoto watatu zina kurasa sawa. Kwa nini basi aliyefiwa zaidi alipe zaidi?

Hapa tunataka tuwe waadilifu, maana kuna wazee wetu wanaosema msaada wote uwe bure, na anayedai hata senti ni tapeli. Hatukubaliani nao. Kupanga ushahidi ni kazi. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11 na kupewa milioni 325, na sababu mojawapo ni kwamba majaji waliona fomu nyingi za wahanga hazina uthibitisho wa kutosha: hati ya kifo haipo, jina halilingani, mahali hapajulikani. Anayekaa na mama mzee jioni tatu, akamsaidia kukumbuka tarehe, akaandika kwa Kifaransa kinachosomeka, akapiga simu Tshopo kumtafuta shahidi aliyekuwepo, huyo amefanya kazi na ana watoto wa kulisha.

Marekani walijaribu njia ya kubana kabisa. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, waliweka sheria kwamba anayemsaidia askari au mjane kudai pensheni asichukue zaidi ya dola 5; mwaka 1864 zikawa dola 10. Ilikuwa ulinzi mzuri kwa wakati ule. Lakini ile dola 10 waliiacha pale pale zaidi ya miaka mia moja, hadi sheria mpya ya 1988, na dola 10 za miaka ya themanini hazikumleta wakili yeyote wa maana. Leo kwao kutayarisha dai la kwanza hakulipishwi kabisa. Ada inaingia pale tu dai linapokataliwa na mtu anapigania, na hapo asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki, na ikipita theluthi moja huhesabiwa kuwa si ya haki mpaka ithibitishwe.

Na waliovamiwa Kuwait je? Tume ya Umoja wa Mataifa ilishughulikia madai kama milioni 2.7 na kulipa dola bilioni 52.4 hadi ilipomaliza kazi mwaka 2022. Serikali zilizokusanya fomu za watu wao ziliruhusiwa kukata gharama zao, na kwa madai ya watu wa kawaida zisizidi asilimia moja na nusu. Moja na nusu, ndugu zetu, siyo thelathini.

Wengine watatuambia: mnamkaba kijana maskini wakati wakubwa wanakula kwa beleshi. Ni kweli wanakula. Mwaka 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu katika kesi ya dola kama milioni 19 za kujenga gereza Kisangani, pesa zilizochotwa kwenye mfuko huo huo wa wahanga. Tulikasirika kama kila mtu. Lakini mama aliyeibiwa na waziri anapoibiwa tena na jirani, hapunguziwi chochote. Tena waziri tulimsoma kwenye habari. Jirani tunamwazima ngazi.

Basi tulikaa watu watano na kalamu, tukaandika bei tunazoona ni za haki hapa mtaani. Kilicho bure kibaki bure: kiapo chako unagongewa muhuri pale polisi Yeoville bila senti moja, na msaidizi mmoja tunayemjua alikuwa akitoza randi 200 kwa kuwasindikiza watu pale pale. Kuandika maelezo pamoja na kuyatafsiri kwa Kifaransa, randi 250. Fotokopi na posta kwa gharama ya dukani, na risiti ionyeshwe. Kufuatilia kwa simu, randi 100 kwa mwezi, mwisho miezi sita. Dosie nzima isipite randi 1,200. Asilimia iwe ya wakili mwenye leseni tu, na pale tu dai linapokuwa limekataliwa na yeye analipigania kwa gharama yake. Karatasi za asili za mtu, yaani kibali cha ukimbizi, kitambulisho au cheti cha kifo, zisilale nyumbani kwa msaidizi hata usiku mmoja.

Mtaona kwamba kwa bei hizo mama yetu amekwisha kulipa kazi yote na chenji ya randi 300 inamrudia.

Tulimsaidia kuandika barua ya kuvunja ile ahadi ya thelathini. Kijana alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai. Alisema, kwa heshima, “Mama, mimi nimehangaika,” na kwamba nakala na picha atazirudisha akilipwa randi 800 za kufunga faili. Mama alinyamaza. Sisi tulimwomba aandike alichofanya mpaka sasa, kazi kwa kazi, na saa alizotumia, tulinganishe na orodha yetu. Kama tunamdai kidogo kuliko haki yake, tutamwongezea sisi wenyewe. Alikubali kuileta Alhamisi.

Tunapopeleka ukurasa huu kuchapwa, zimepita Alhamisi tatu.