Kunguru wa Marikiti ni Mgeni Tunayemlisha Wenyewe

Wakulima wengi wa pwani hulalamika juu ya kunguru. Mmoja asema vifaranga wake wamekwisha, mwingine asema maembe yake yamedonolewa kabla ya kuiva, na wote humaliza kwa neno moja: "Serikali iwaue." Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si bingwa wa ndege. Kazi yangu ni kuyaandika malalamiko hayo daftarini. Lakini yako maoni ambayo yafaa niyatoe, nayo ni haya: kunguru haanzi shambani, aanza sokoni. Ukitaka kujua nguvu zake zatoka wapi, nenda Marikiti.

Marikiti ndilo soko la Mackinnon, lililofunguliwa mwaka 1914, hapo Barabara ya Digo, kando ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mboga zikishushwa asubuhi, majani ya kabeji hubanduliwa na kutupwa chini. Hufuata maganda, matunda yaliyooza na mabaki ya nyama. Juu ya mapaa na nyaya kunguru wamekaa wakingoja zamu yao. Hawana haja ya kuwinda, maana sahani yao huandaliwa kila siku.

Kunguru huyu mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, ambaye wengine humwita kurabu, si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi. Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja kwa makusudi, ili ale takataka za mji. Hata kufika mwaka 1917 alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa ndege mharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na tangu hapo ameenea pwani yote, na sasa yuapanda bara kwa kufuata barabara kuu ya Nairobi.

Huenda mtu akauliza: "Kwa nini kumlaumu kwa ugeni wake? Mbona nguruwe mwitu ni mwenyeji, naye hutumalizia mihogo?" Swali hilo ni zuri. Nguruwe wetu amekaa katika misitu ya Shimba Hills na Arabuko-Sokoke tangu kale. Chui humla, na mimea ya huko imezoea kufukuliwa naye. Akiingia shambani ni adui wa mkulima, lakini si adui wa msitu.

Sasa tazama nguruwe aliyepelekwa asikotoka. Visiwa vya Hawaii havikuwa na nguruwe hata mmoja mpaka watu walipowaleta kwa vyombo. Wale walioingia mwituni huangusha mimea mikubwa ya jamii ya kangaga na kuyatafuna mashina yake laini. Maji ya mvua hutuama katika mashina hayo, mbu huzaana humo, na mbu hao hueneza malaria ya ndege. Hivyo nguruwe anayekula mmea husaidia kuua ndege wasiopatikana pengine popote duniani. Huko Australia nako, nguruwe waliotoroka ufugaji hufukua viota vya kasa ufukoni wakala mayai. Kunguru wetu ni wa kundi hilohilo: ameletwa na mtu, akakuta chakula tele, na viumbe wenyeji hawakujua namna ya kujikinga naye.

Madhara yake ni haya. Huvamia viota vya minana, vya chozi na vya tetere, akala mayai na makinda. Kunguru wa asili yetu, yule mwenye kifua cheupe, amesukumwa mbali na kisiwa cha Mombasa. Usidhani kwamba hayo ni hasara ya wapenda ndege peke yao. Minana huwalisha makinda wao wadudu, na wadudu hao ndio walao mimea yako. Chozi hupeleka chavua toka ua hata ua. Ndege walao matunda ya mwituni hudondosha mbegu mahali papya, nako miti huota. Ndege hao wakipungua, mimea nayo hupungukiwa na watumishi wake.

Wako wanaosema, "Mwacheni, yeye ni mfagizi wetu." Maneno hayo ndiyo yaliyomleta Unguja, na zaidi ya miaka mia imepita. Je, takataka zimekwisha? La. Kunguru huchagua kipande cha nyama na kuliacha jani, hupasua mfuko uliofungwa, tena hubeba uchafu na kuuangusha juu ya mapaa na ndani ya matangi ya maji. Mfagizi wa namna hiyo, mwenye kudai na vifaranga juu ya mshahara wake, nani angemwajiri?

Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja kwa sumu maalumu. Mimi siupingi. Lakini Unguja inatufundisha jambo. Katika miaka ya 1990 kunguru waliuawa kwa wingi huko mpaka wakapungua sana, kisha kazi ilipoachwa wakaongezeka tena. Sababu si ngumu kuifahamu. Waliosalia walirithi chakula cha waliokufa, wakalea makinda wao kwa shibe. Kuua bila kufunika jalala ni kuteka maji kwa pakacha.

Basi, mkulima, sehemu yako ni ipi? Kwanza, kabla ya kupeleka mboga sokoni, zisafishe shambani. Unapopakia kabeji pamoja na majani yake ya nje, walipa nauli ya takataka, nawe waipoteza mboji ya shamba lako. Pili, matumbo ya kuku na ya samaki yafukie shimoni, usiyatupe nyuma ya nyumba. Tatu, vifaranga wakae tunduni mpaka wawe na nguvu za kukimbia. Nne, kiota cha kunguru mwenye shingo ya kijivu kiangushwe mapema, kabla mayai hayajaanguliwa, lakini hakikisha kwanza kwamba ni chake. Tena usitege sumu yako mwenyewe, kwa maana itawaua kipanga, paka na kuku wa jirani, na pengine kumdhuru mtoto. Sumu waachie wenye ujuzi na idhini.

Na wenye soko wana sehemu yao. Wauzaji wakusanye mabaki katika mapipa yenye vifuniko, na Kaunti iyaondoe kila siku kabla ya jua kuchwa. Majani na maganda yakitengwa na nyama, wakulima wanaweza kuyachukua yakawa mboji. Gari lililoleta ndizi asubuhi halina haja ya kurudi tupu.

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Sisi tumemfuga bila kujua, maana ndege huyu haishi mbali na watu, hula pale watu wanapotupa. Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu yupo Mombasa tangu mwaka 1947, na jembe hatalishika kamwe. Basi tumwondolee sahani, ndipo mitego na dawa zitakapofaa kitu.