Boti Ndogo, Bei Kubwa

MFANYABIASHARA akisikia kwamba boti ya kifahari inabeba watalii 16 tu, hudhani mwenye boti anakula hasara. Visiwa vya Galápagos, nchini Ekuado, vinaonyesha kinyume. Huko meli ya watalii hairuhusiwi kubeba zaidi ya abiria 100, na kiongozi mmoja haongozi zaidi ya watu 16. Ndiyo maana boti nyingi huishia hapo: kundi moja, kiongozi mmoja. Agosti 2024 kiingilio cha hifadhi kwa wageni wengi kilipanda kutoka dola 100 hadi 200. Vitanda vikiwa na kikomo, bei haishuki ovyo. Lakini mwekezaji mdogo awe macho: mali hapo ni kibali. Anayenunua boti bila kibali amenunua bodi na injini tu.