Wazee wa vita na jamaa zao wasipotezane

Ukitoka Gikomba ukashika njia ya kwenda Kariokor, au ukivuka upande wa Barabara ya Jogoo hadi soko la Burma, unakanyaga majina ya vita bila habari. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, jina ambalo ndimi zetu zililipinda likawa la soko na mtaa. Burma ni ile nchi ya mbali ya Asia ambako vijana wetu wa KAR walipelekwa kupigana na Wajapani. Sisi wa Eastlands tumehifadhi majina, lakini wenye majina tumewaacha wakapotea. Kupotea huko, kwa maoni yangu, ni jambo la kuzungumziwa katika ukurasa huu wa afya.

Madaktari hawabishani tena kwamba upweke hudhuru mwili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwezi wa Juni, 2025, ilieleza kuwa mtu mmoja katika kila watu sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka. Shinikizo la damu hupanda, kiharusi na maradhi ya moyo husogea karibu, usingizi hukatika, na kumbukumbu za mzee hupungua kabla ya wakati wake. Sasa mchukue mtu ambaye ujana wake wote alilala, akala na kuvuka hatari pamoja na wenzake, kisha umweke katika chumba kimoja Shauri Moyo, mbali na kila mtu anayejua alichokiona. Unatarajia nini?

Waliokwenda Burma waliona mengi. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa za huko, malaria ikiwaandama, wakimeza vidonge vya manjano vya mepakrini, na chakula chao mara nyingi kikiangushwa kutoka kwa ndege kwa miavuli kwa sababu magari yalikwama matopeni. Wengine hawakufika hata huko. Meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa, ilizamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikaenda chini kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Wale waliorudi hawakusimulia sana. Mzee aliketi, akavuta sigara yake, na usiku akapiga kelele usingizini. Nyumbani watu walisema ni mapepo, au laana, au kwamba jeshi limemfanya mkali. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unajulikana kwa namna fulani, kwani daktari wa Kiingereza Charles Myers aliandika habari za askari waliotikiswa akili na mizinga mwaka wa 1915. Hata hivyo, jina linalotumiwa leo hospitalini, ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema ni msongo unaofuata kiwewe, halikuingia katika vitabu vya madaktari wa Marekani hadi 1980. Kijana wa KAR aliyerudi mwaka wa 1945 alingoja miaka 35 ili maradhi yake yapewe jina. Katika muda huo wote, tiba yake ilikuwa mwenzake aliyekuwa naye bondeni, ambaye hakuhitaji kuelezwa chochote.

Ndiyo maana nasema kuwa kutafutana ni matibabu. Usiniambie kwamba hayo yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba aliyeandikwa jeshini mwaka wa 1945 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1927, na wachache mno ndio wangali hai. Lakini Kenya imeendelea kupeleka vijana vitani. Walipigana Kaskazini Mashariki katika vita vya Shifta miaka ya 1960. Waliingia Somalia mwezi wa Oktoba, 2011, wakashambuliwa El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Wengi hustaafu wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi, na baadhi yao utawakuta papa hapa Gikomba wakipanga mitumba au wakilinda maghala usiku. Hebu fikiria milipuko miwili iliyotokea sokoni hapa tarehe 16 Mei 2014 na kuua watu wasiopungua 10. Sote tulishtuka, lakini aliyewahi kusikia mlio kama huo vitani alirudishwa kule kule alikotoka.

Mfikirie hasa askari wa miavuli, wale ambao kambi yao iko Gilgil. Mtu anayeruka kutoka kwa ndege mara nyingi, na mzigo mgongoni, hutua kwa magoti, vifundo vya miguu na uti wa mgongo. Akifika miaka 50 viungo hivyo humdai. Huenda akaingia duka la dawa, akanunua diklofenaki, akaimeza kila siku kwa miezi, na hakuna anayemwuliza alifanya kazi gani ujanani. Dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mwenzake waliyeruka naye ndiye angemwambia, "Bwana, hata mimi nilikuwa hivyo, nenda kliniki ukapimwe." Kwa nini basi wahudumu wa zahanati zetu wasiwe na swali moja tu la nyongeza wanapomwandikisha mgonjwa, kwamba je, uliwahi kuwa jeshini? Halihitaji fedha wala mashine.

Kuna pia jambo la masikio, ambalo familia nyingi hulikosea. Milio ya bunduki huua masikio polepole. Mzee haitiki simu, nasi twasema amekuwa na kiburi, au hataki watu. Kumbe hasikii! Basi anaachwa, na upweke unazidi.

Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, kipo, na kila mwezi wa Novemba kuna ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani kwenye makaburi ya Barabara ya Ngong. Haya ni mema. Lakini sisi Wakenya tuna ugonjwa wetu, kwamba twajua sana kukutana matangani. Kundi la simu la wastaafu linakaa kimya miezi sita, kisha linaamka kwa tangazo la kifo na orodha ya michango. Mia mbili, mia tano, jeneza, basi la kupeleka maiti mashambani, halafu kimya tena. Nusu ya fedha hizo, zikitumiwa kama nauli ya kumtembelea mtu akiwa hai, pengine zingeahirisha mazishi yenyewe. Na wale wanaokutana penye chang'aa pekee wasijidanganye. Pombe huleta usingizi mwanzoni, kisha huurarua usiku wa manane na kuleta zile zile ndoto mbaya.

Anayeumia zaidi ni mjane. Siku mumewe akizikwa, simu za wenzake hukoma. Hajui nambari ya kikosi, hajui afuatilie wapi malipo ya uzeeni, na dawa zake za presha humalizika. Haya si mapya. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyoua wapagazi zaidi ya 40,000 kwa hesabu rasmi, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa, mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao, moja ya sababu ikiwa ni kwamba majina hayakuandikwa sawasawa. Wanawake wa Gikomba ni mabingwa wa vyama vya kuchangiana. Wake wa askari wangeanzisha chao mume angali hai, ili siku ya msiba isimkute mtu yu mgeni.

Ikiwa mzee wako anaanza kusema kwamba amechoka kuishi, usimkemee wala usiogope polisi. Mwezi wa Januari, 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Mpeleke hospitalini, na umwite mwenzake wa kikosi afuatane nanyi.

Kabla ya hapo, chukua daftari la shilingi chache. Keti naye jioni, uandike nambari yake ya jeshi, kikosi chake, miaka aliyotumika, na majina ya wenzake watano pamoja na wake zao na mahali wanapoishi. Andika vilevile dawa anazotumia. Kisha piga ile nambari ya kwanza papo hapo, na kama mzee wa upande ule hasikii, omba apewe mkewe.